fio: kipimo cha diski ninachokiamini

Kwa muda mrefu nilipima kasi ya kuandika kwenye diski kwa dd, amri ya kunakili data. Siku moja ikanipa zaidi ya megabaiti 600 kwa sekunde kwenye diski ya SATA, kasi ambayo waya wenyewe hauwezi kuibeba. Amri ilikuwa imeshamaliza, lakini taa ya diski iliendelea kumetameta. Data ilikuwa bado kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta! Hapo ndipo nilipohamia fio, programu ya bure ya Jens Axboe, ambaye ndiye msimamizi wa sehemu ya Linux inayoshughulikia diski.

Ninachoipendea ni kwamba inafanya kazi kwenye Linux, Windows, macOS na FreeBSD, na faili la maelekezo huhama nalo karibu lilivyo. Unabadilisha injini tu, yaani njia ya kutuma data kwenye diski: io_uring kwenye Linux, windowsaio kwenye Windows, posixaio kwenye macOS. Naweka direct=1 ili kuikwepa RAM, vipande vya kilobaiti 4, halafu narudia na fsync=1, inayotaka kila kilichoandikwa kisukumwe hadi diskini kabla ya kuendelea. Hapo kasi huporomoka, na hiyo ndiyo namba inayomhusu mwenye hifadhidata. Matokeo yanaonyesha hata ucheleweshaji ambao asilimia 99 ya maombi hayauzidi, si wastani pekee.

Angalizo kubwa: kwenye macOS, fsync ya kawaida hailazimishi diski kumwaga kashe yake (kumbukumbu ya muda iliyo ndani ya diski), kazi hiyo ni ya agizo jingine, F_FULLFSYNC. Ukilinganisha na Linux bila kujua hilo, unamwonea mmoja wao.

Matokeo ya fio yamesongamana mno, mgeni atahangaika. Nyota nne kati ya tano.