Old School RuneScape: nikifungua akaunti mpya leo, saa za kwanza nazipeleka wapi

Nimeicheza Old School RuneScape, gemu ya mtandaoni ya kujenga mhusika wako, miaka mingi, na mtu mwenye subira namshauri aicheze. Kampuni ya Jagex iliifungua Februari 2013 kutokana na nakala ya RuneScape ya Agosti 2007, na chini ya ile sura ya kizamani kuna dunia pana ajabu. Kasoro yake kubwa ni kwamba haikuonyeshi uanze na nini. Mgeni akitoka kisiwa cha mafunzo huenda moja kwa moja kupiga ng'ombe na kukata miti, akasota saa ishirini akiamini anajenga akaunti. Mimi saa hizo zote nazipeleka kwenye misheni.

Angalia hesabu yake. Leveli 99 ya ujuzi mmoja inataka XP (alama za uzoefu) 13,034,431, na nusu ya safari hiyo inafika leveli ya 92. Maana yake leveli za chini ni rahisi kiasi kwamba zawadi ya misheni moja inakuvusha nyingi kwa mpigo. Waterfall Quest, misheni ya maporomoko, haidai ujuzi wowote, lakini inatoa XP 13,750 za Attack (kulenga shabaha) na nyingine kama hizo za Strength (nguvu ya pigo): zote mbili zinatoka leveli 1 hadi 30. Jaribio la maswali kwenye jumba la makumbusho la Varrock linatoa XP 1,000 za Slayer (kuua majini kwa kazi maalumu) na 1,000 za Hunter (kuwinda) bila hata kupigana, na hapo unakuwa leveli 9 kwa zote mbili.

Waterfall ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo ifanye kwa makini. Weka tayari kamba, chakula cha kutosha, na runi (vijiwe vya uchawi) 18: sita za hewa, sita za maji, sita za udongo. Kaburi la Glarial, utakalopitia katikati ya misheni, halikupokei ukiwa na silaha, mavazi ya vita wala runi, kwa hiyo viache benki. Ndani kuna majitu ya leveli 42 yanayokushambulia, na utakachofanya ni kukimbia na kula. Ukirudi maporomokoni, vaa hirizi ya Glarial uliyoitoa kaburini kabla ya kufungua mlango, la sivyo maji yanakutoa nje. Mwisho kabisa, chukua chombo cha majivu ulichokitoa kaburini ukitumie kwenye kikombe cha hazina. Usibofye kikombe chenyewe. Ukikibofya unasombwa, na zile runi 18 unazitafuta upya.

Misheni hizi ni za wanachama, yaani wanaolipia. Sikushauri ukae miezi kwenye upande wa bure ukikusanya dhahabu ya kununua bondi (kitu cha ndani ya gemu kinachogeuzwa uanachama): bondi inakupa siku 14 tu, na akaunti changa inaingiza pesa polepole mno. Lipia mwezi mmoja, uone kama gemu inakufaa.

Baada ya misheni za mwanzo, jambo la pili ni miguu. Watu hulichelewesha kwa sababu Agility (ujuzi wa wepesi) inachosha, nami naelewa, lakini kila dakika unayotembea badala ya kukimbia utailipa kwa miaka. Panda hadi Agility 40, kisha baki kwenye njia ya mazoezi ya mapaa ya mji wa Canifis mpaka upate alama 260 za kununulia graceful, mavazi ya mkimbiaji, vipande vyote sita. Seti nzima inapunguza uzito unaobeba na kurudisha nguvu ya kukimbia haraka zaidi. Usizitumie alama hizo kwa kitu kingine kabla seti haijatimia. Sambamba na hapo maliza misheni ya Lost City upate fimbo ya dramen, kisha Fairytale I, halafu anza tu Fairytale II: pete za vichimbakazi, miduara ya kusafiria papo hapo ukishika fimbo hiyo, zinafunguka na ramani yote inakuwa jirani.

La tatu ni vitu vinavyofanya kazi huku wewe umekwenda kwingine. Nyumba za ndege za Fossil Island, mitego inayokupa XP za Hunter, ni nne, kila moja inataka mbegu 10 za bei rahisi, na zinakuwa tayari baada ya dakika 50. Ili kufika kisiwani unahitaji misheni ya Bone Voyage, nayo inataka misheni ya The Dig Site na kudos (alama za sifa) 100 za makumbusho (lile jaribio la maswali linakupa 28 kati ya hizo). Mitishamba huiva kwa dakika 80. Kuanzia leveli 32 ya Farming (kilimo) panda ranarr, mmoja wa mitishamba hiyo, na usipande bila mboji nzuri, maana mmea unaougua bila wewe kuwepo utaukuta umekufa.

Kwenye vita, ukishafika Attack 40 ukashika upanga wa rune (madini ya kiwango cha juu), peleka XP kwenye Strength kwanza. Attack nyingi bila Strength inakufanya ugonge mara nyingi bila kuumiza.

Na kabla ya yote hayo, siku ileile ya kwanza, weka PIN ya benki ya tarakimu nne na uthibitisho wa hatua mbili, kwenye gemu na kwenye barua pepe pia. Anayeahidi kuzidisha pesa zako mara mbili ni mwizi, hata kama amemrudishia mtu mbele yako. Anayekualika Wilderness, eneo ambako wachezaji huuana, "kukuonyesha kitu" anataka ufike mbali: kupita leveli 20 ya huko, uchawi wa kawaida wa kuondoka haufanyi kazi.