TAHADHARI: Brauza ikitekwa, usikubali haraka "tupige Windows upya"

Wakuu, salaam. Nimeliwa elfu sitini pamoja na picha za miaka sita, na kinachoniuma zaidi ni kwamba tatizo lenyewe lilikuwa la dakika kumi. Jina la duka silitaji. Lipo Kariakoo, na mchezo wenyewe si wa duka moja.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Alikuwa na mitihani ya miaka ya nyuma kwenye PDF, akataka kuigeuza iwe Word. Akatafuta Google, akabonyeza la juu kabisa, ambalo lilikuwa tangazo la kulipiwa. Akashusha kiprogramu, akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo mpaka mwisho. Kesho yake ukitafuta chochote, Chrome, brauza tunayofungulia intaneti, inakupitisha kwanza kwenye ukurasa usioujua, kisha inakutua Yahoo, nusu nzima matangazo. Chini kulia vinachomoza vijibango: kompyuta yako ina vairasi 5, bonyeza hapa.

Biashara yao ndiyo hiyo. Kila unapotafuta kupitia kwao, au ukibonyeza tangazo, kuna mtu analipwa. Hawataki kompyuta yako ife, wanataka iendelee kufanya kazi na wewe uendelee kutafuta.

Dogo akabonyeza kile kijibango. Ikashuka programu ya "kusafisha", ikakagua kwa sekunde chache, ikatangaza makosa 1,347: lipa kwanza ndipo yafutwe. Hapo nikabeba mzigo kwa fundi.

Fundi hakufungua hata Chrome. Aliitazama skrini ileile ya matapeli, akanigeuzia: "Kaka, si unaona mwenyewe? Elfu moja na mia tatu! Hii imeshaoza. Tunapiga Windows upya, nakuwekea na antivairasi orijino ya mwaka mzima, sitini tu." Kupiga Windows upya ni kuiweka tena kuanzia mwanzo, na mara nyingi vilivyomo vinafutwa. Nikauliza mafaili je. "Usijali bro." Wanaowajua mafundi wanajua neno hilo lina maana gani.

Nyumbani kompyuta ikawaka nyepesi kabisa, tukafurahi. Halafu nikatafuta folda ya picha. Haipo. Antivairasi ya mwaka mzima kumbe ni ile ya majaribio ya siku 30 ambayo yeyote anaishusha bure. Defender, ulinzi unaokuja na Windows bila malipo, imezimwa, maana Windows yenyewe ni ya kuchakachua, na viprogramu vya kuichakachua mara nyingi vinataka ulinzi uzimwe kwanza. Yaani nililipa niwekewe mlango bila komeo. Dogo akaingia Chrome kwa akaunti yake ya Gmail, na kabla chai haijapoa Yahoo ileile imerudi.

Nikarudi dukani. Jibu: "Mmeingiza vairasi mpya, ongeza thelathini." Nakiri mkono ulishaenda mfukoni. Kilichoniokoa ni jamaa wa ofisini niliyempigia simu kulalamika, akaniuliza swali moja: ilirudi kabla au baada ya kuingia kwenye akaunti?

Mdudu hakuwa kwenye Windows. Alikuwa kiendelezi, vile viprogramu vidogo vinavyokaa ndani ya Chrome, na usawazishaji ukiwa umewashwa Chrome inavikumbuka kwenye akaunti yako. Piga Windows hata mara kumi, ukiingia kwa akaunti ileile inakurudishia kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo nilichofanya ni hiki. Niliingia kwenye viendelezi vya Chrome nikaondoa chochote ambacho hakuna mtu nyumbani aliyekikumbuka. Kisha kwenye mipangilio nikachagua kurejesha kila kitu kama kilivyokuwa mwanzo. Hiyo haifuti alamisho wala nywila ulizohifadhi, inarudisha ukurasa wa mwanzo na mtambo wa kutafuta, na inazima viendelezi vyote. Vile vijibango vya pembeni, kama na wewe unavyo, mara nyingi si vairasi hata kidogo: kuna tovuti iliwahi kukuomba ruhusa ya kutuma arifa na ukaikubalia. Fungua mipangilio ya arifa uinyang'anye. Kama Windows yako haijapigwa upya, nenda pia kwenye orodha ya programu, panga kwa tarehe ya kuwekwa, na ung'oe zilizoingia siku ile balaa lilipoanza. Mwisho nikapitisha AdwCleaner ya Malwarebytes, programu ya kufagia vidudu vya matangazo, ya bure, niliyoishusha kwenye tovuti yao wenyewe. Usiitafute Google ukabonyeza tangazo la juu, utarudi palepale alipoanzia dogo. Defender nikaiwasha, na nywila za barua pepe tukazibadilisha kwa kutumia simu.

Shemeji yangu Tanga alikuwa na kesi ngumu kidogo: kitufe cha kuondoa kiendelezi hakibonyezeki, na Chrome inamwambia kivinjari kinasimamiwa na shirika. Shirika gani, na kompyuta ipo sebuleni? Ukiona hivyo kwenye kompyuta ya nyumbani, andika chrome://policy pale juu uone nini kimelazimishwa. Kwake AdwCleaner iliondoa amri hizo, akawasha upya, kitufe kikabonyezeka. Angalia pia alama ya Chrome ya kwenye desktopu: bonyeza kulia, fungua sifa zake, na ukikuta anwani ya tovuti imegandishwa baada ya chrome.exe, ifute. Maelekezo mengi ya zamani yatakutuma utafute kifagio cha ndani ya Chrome, yaani zana yake ya kusafisha kompyuta. Usihangaike, Google walikiondoa 2023.

Na ikitokea skrini nzima imejaa onyo la Microsoft lenye namba ya simu, usipige. Maonyo halisi ya Microsoft hayawekwi namba ya simu.

Simsemi vibaya kila fundi, wapo wanaojua kazi. Ila asiyefungua brauza kabla ya kutaja bei, beba kompyuta yako uondoke. Na kama kweli lazima Windows ipigwe, nakili mafaili yako kwenye flashi kwa mkono wako, wewe mwenyewe, kabla hujamkabidhi.

Picha nimerudishiwa chache na ndugu waliokuwa nazo WhatsApp. Hela sijarudishiwa. Ile mitihani ya dogo kumbe Word yenyewe inafungua PDF, tangu toleo la 2013.