Spitfire ya 1/12, kitufe kimoja, na mbavu zisizokaa kwenye bawa

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikapandisha hadi tatu, nikarudi mbili. Huenda nisipomaliza kuandika nikabadilisha tena.

Hawa ni watu wa kuchapa michoro mikubwa kwa plota ya roli (mashine inayochapa kwenye karatasi pana iliyoviringishwa), ramani za nyumba, mabango na kadhalika. Kazi niliyowapelekea haikuwa ngumu. Najenga modeli ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza. Mchoro wa asili ni wa 1/72, yaani mdogo mara 72 kuliko ndege halisi, modeli naitaka 1/12, kwa hiyo 72 gawanya kwa 12 unapata 6, yaani asilimia 600. Spitfire halisi ina mita 11.23 ncha ya bawa hadi ncha. Kwa 1/72 hizo ni milimita 156, kwa 1/12 ni 936. Kukuza kwenyewe nilishakumaliza nyumbani. Niliskani kwa nukta 1200 kwa inchi, maana ukikuza mara sita zinabaki 200 (anayeskani kwa 300 anabaki na 50, na kila mkunjo unakuwa ngazi). Kisha nikachora upya kila mstari kwa vekta, yaani mistari ya kompyuta ambayo unene wake unauchagua mwenyewe. Hilo halikwepeki: mstari wa robo milimita ukikuzwa mara sita unanenepa hadi milimita moja na nusu, na hapo hujui kisu kipite ndani, nje au katikati. Kwenye kila faili nikaweka mistari miwili ya kupimia ya milimita 100, mmoja umelala, mmoja umesimama. Na juu kabisa, kwa herufi nene: CHAPA ASILIMIA 100, USITOSHEZE UKURASA.

Mhudumu wa kaunta akatosheza ukurasa.

Mafaili mawili, la bawa na la mbavu (vipande vya ndani vinavyolipa bawa umbo), yote yakapita kitufe cha kutosheza ukurasa kikiwa kimewashwa. Wengi hudhani kitufe kile kinapunguza kila kitu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hasara yake ni ndege ndogo kidogo tu. Ingekuwa hivyo nisingepoteza muda kuandika. Kitufe kinatazama ukubwa wa ukurasa wa kila faili, uwiano wa mchoro uliomo hakiujui. Ukurasa wa bawa ulikuwa na upana wa milimita 610, sawa na roli. Plota inaacha pambizo, eneo lake la kuchapika lilikuwa 592, basi bawa likashuka hadi asilimia 97. Ukurasa wa mbavu ulikuwa wa 572, mwembamba kuliko eneo hilo, basi mbavu zikavutwa hadi asilimia 103.5. Moja imenywea, nyingine imevimba, na kwa macho zote nzuri, mistari safi, wino mweusi tii. Ubavu wa shinani, pale bawa linapoungana na mwili wa ndege, ambao kwenye faili ni milimita 210, kwenye karatasi ya bawa ulisoma karibu 204 na kwenye karatasi ya mbavu 217. Milimita 13 na zaidi! Mtu akikata balsa (ubao mwepesi wa modeli) kwa karatasi hizo atagundua siku ya kuunganisha, ubavu umechungulia nje ya ukingo wa nyuma, na pengo la boriti ya milimita 6, ule mti unaopita ndani ya mbavu zote, limekuwa 6.2, boriti inacheza humo kama jino linalotaka kung'oka.

Nikaweka rula ya chuma palepale kaunta. Mstari wa 100 ukasoma 97. Jibu nililopewa ndilo lililoniwasha: "Kaka, milimita tatu zinakukera nini? Karatasi hunywea wino ukikauka."

Karatasi hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, kweli, lakini kwa kawaida haifiki hata asilimia moja. Na karatasi za roli moja, siku moja, chumba kimoja, haziwezi moja ikanywea na nyenzake ikavimba. Nikamwonyesha ile ya mbavu. Kimya. Halafu akasema atarudia ya bawa kwa asilimia 103 "kufidia", na akarudia kweli, kitufe hajakigusa! Kitufe kikiwa kimewashwa, asilimia unayoandika haihesabiwi. Ikatoka 97 ileile, na hiyo nayo ikaingia kwenye bili. (Mwenzake akadakia kwamba ningepiga fotokopi tu "mara mbili", A4 kwenda A3. Hiyo ni asilimia 141. Kinachokuwa mara mbili ni eneo, urefu haujafika hata mara moja na nusu.)

Haya, na mimi nina langu. Ukurasa wenye upana sawasawa na roli unaialika mashine ipunguze, na baadhi ya programu za kufungulia PDF huja na kitufe hicho kimeshawashwa. Ningebakiza angalau milimita 20 kila upande. Tena ningeweka bawa na mbavu kwenye ukurasa mmoja: kosa lingekula vyote sawa, ndege ingekuwa fupi lakini ingeungika. Hilo nakubali. Ila yale maandishi ya juu yaliandikwa ili yasomwe.

Sasa kinachoniharibia hasira ni dada wa zamu ya jioni. Siku nyingine hivi nikamkuta yeye. Hakubishana. Alichapa kwanza kipande kifupi chenye mistari ya kupimia tu, akapima kwa rula yake mwenyewe: kwa upana 100 kamili, kwa urefu wa roli 99.6. Magurudumu yanayovuta karatasi yanateleza kidogo, akasema, na upande huo ndio unaoponza. Asilimia 0.4 inaonekana si kitu, lakini kwenye bawa la 936 ni karibu milimita 4. Akaingiza 100.4 upande wa urefu peke yake, upana akauacha. Akashauri pia nakala ya kujengea juu yake iwe ya plastiki ile ya wachora ramani, isiyovutika kwa unyevu. Bawa likatoka 936. Nikalikunja kwenye mstari wa kati, ncha ya kushoto ikalala juu ya ya kulia bila kupishana. Sijawahi kushika mchoro uliochapwa vizuri hivyo.

Kwa hiyo nne? Kwa yule dada, tano, na nitamrudia nikifika kwenye mwili wa ndege na fremu zake. Lakini karatasi tatu zilizoharibika bado zimo kwenye bili, na yule wa milimita tatu bado anakaa kaunta ileile asubuhi. Mbili. Ukienda, nenda jioni, beba rula ya chuma, na usimame upande unaoiona skrini kabla hajabonyeza.