AC iliyokuwa inatetemesha chumba kizima: fundi wa Kigamboni nampa nyota 4 kati ya 5

Naandika kwa ajili ya yeyote ambae AC yake inanguruma mpaka kitanda kinatetemeka na kila fundi akija anamwambia gesi imepungua. Mi nimeambiwa hivo mara mbili ndani ya miezi mitano na zote mbili nimelipa, na jumamosi iliyopita ndo nimempata mzee mmoja ambae geji (vile vipimo vya presha ya gesi) hakuzitoa kwenye begi mpaka alipoisikiliza ile mashine karibu saa zima.

Nimepanga juu kwenye nyumba ya ghorofa moja huku Kigamboni, kwenda baharini ni dakika kumi kwa mguu. AC ni spliti, yani boksi la ndani na mashine ya nje, ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) ya kawaida, sio inveta ile inayobadili kasi yenyewe, na mashine ya nje imetundikwa kwenye ukuta wa chumba changu cha kulala, yani mto wangu na ile mashine kinachotenganisha ni tofali moja tu. Mwezi wa 12 nikaanza kusikia mngurumo, kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi iliyo kwenye mashine ya nje, ikiwaka unaanza ikikata kimya. Kufika mwezi wa pili glasi ya maji niliyoweka kwenye stuli inacheza, vioo vya dirisha vinalia, na mama anayekaa chini, mtu mzima wa kumwamkia, akanipandia asubuhi akaniambia mwanangu ile mashine yako usiku hainilazi. Niliumia sana. Kuanzia hapo ikifika saa tano usiku naizima, tunalala na mtoto kwa feni, na joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua, mtoto anaamka kalowa mgongo mzima.

Mafundi waliotangulia siwataji, ila walifanya hivi hivi wote, anafika, anafunga geji, dada gesi imeshuka, anajaza kwa kukadiria, elfu 60, anaondoka. Baridi inarudi kweli lakini kutetemeka kuko palepale, na baada ya miezi miwili baridi inaanza kupungua tena.

Huyu mzee nilielekezwa na mwenye duka la vifaa vya umeme, alikuja na kijana wake anayemfundisha kazi. Nikamwamkia, akajibu marahaba mama, haya niwekee feni tupu bila baridi. Sikuelewa kwanini, akaeleza. Ukiweka feni tupu mashine ya nje haiwaki kabisa, inayozunguka ni ya ndani peke yake, kwahiyo kama mtetemo bado upo basi tatizo liko ndani, kama haupo twende nje. Kitu kidogo namna hii na hakuna aliyewahi kunifanyia! Akaweka kiganja kwenye boksi la ndani akaniambia na mimi niweke, kulikuwa na mtetemo mdogo. Akafungua, lile dude refu linalozunguka humo ndani lenye vijipanga vingi, upande mmoja vimejaa uchafu mweusi umeganda kama tope na upande mwingine pasafi kidogo. Uzito umeegemea upande mmoja, ni kama nguo zikijikusanya upande mmoja kwenye mashine ya kufulia ikianza kukamua. Ikaoshwa na presha, tukawasha, hapo pametulia.

Mashine ya nje ndo ilikuwa na mambo. Alizima umeme kwenye swichi kubwa, akatoa waya wa kompresa, akafunga pembeni vizuri, akawasha feni ya nje peke yake. Inayumba. Akazima, akaizungusha kwa mkono taratibu, panga moja limekatika ncha, kama vidole viwili hivi. Nilishangaa kipande kidogo cha plastiki kinaweza kutikisa mashine nzima lakini kumbe kinachotakiwa ni mapanga yote yalingane uzito, moja likipungua mhimili unavutwa upande mmoja kila mzunguko, na ukiacha muda mrefu beringi za mota zinakufa. Hapo unanunua mota sio panga.

Halafu akarudisha waya wa kompresa, akaiwasha muda mfupi tu, na hapo ukuta ukaanza ile ngurumo yangu ya usiku. Kompresa imesimama juu ya raba tatu, akanitolea moja nikaishika, ngumu kama mbao, imepasuka, haibonyei hata kidogo. Nati ya mguu mmoja haipo kabisa, kutu imeila ikadondoka. Na mashine nzima iliyowekwa kwenye breketi, vile vyuma vya ukutani vinavyoibeba, ilitakiwa ifungwe bolti nne na chini ya kila mguu kuwe na raba, yangu ina bolti mbili, chuma juu ya chuma, na breketi yenyewe chumvi ya bahari imeshaanza kuitoboa. Nilivyoona ile kutu nilitoka jasho, chini ya hapo ndo watoto wa mama wa chini wanachezea.

Maneno aliyosema hapo nimeyashika, mama mashine yoyote inayozunguka lazima itetemeke, kazi ya raba ni kuula huo mtetemo usihamie ukutani. Umeme wetu ni wa hezi 50, mota ya kompresa kama hii inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, ukigawa kwa 60 unapata karibu mara 48 kila sekunde. Sasa weka chuma kimegusa chuma kimegusa ukuta, mara 48 kila sekunde, na we umelaza kichwa upande wa pili.

Sasa suala la gesi, na hapa naomba msome vizuri. Akamulika tochi nyuma ya kompresa, lile bomba jembamba la kopa, yani shaba, linakutana na bati la boksi, pale linapogusa limesuguliwa linang'aa. Akapaka povu la sabuni, tukasubiri, vikaanza kutoka vipovu vidogo vidogo. Yani gesi kweli ilikuwa inapungua, wale hawakunidanganya kwa hilo, lakini ilikuwa inapungua kwa sababu ya mtetemo! Kompresa inaruka kwenye raba zilizokufa, bomba linasuguana na bati, kopa inakwisha, inatoboka. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia, inazunguka humo humo, ikipungua ujue kuna mahali inatoka. Ukijaza bila kutafuta tundu umejaza ili itoke tena, na mi hilo nimelilipia 120,000.

Akaongeza kwamba kujaza kwa kukadiria nako kuna hatari yake, ukizidisha gesi inaweza kurudi kwenye kompresa ikiwa bado ni maji maji, na kompresa imetengenezwa kusukuma mvuke, ikimeza maji inagonga na kutetemeka zaidi mpaka inakufa. Ndo maana yeye anapima kwa mizani. Yangu inatumia R410A ambayo ni gesi mbili zimechanganywa nusu kwa nusu, hakutaka kuongezea juu ya iliyobaki, aliitoa akaihifadhi kwenye mtungi wake, akachomelea lile tundu, akapitisha naitrojeni kuangalia kama kuna kwingine panavuja, akavuta vakyumu kama nusu saa kutoa hewa na unyevu, halafu akaweka mtungi juu ya mizani akajaza gramu zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Bomba akalikunja kidogo likae mbali na bati, akalivalisha sponji.

Umeme pia alipima, volti zilikuwa 218, sawa tu. Kompresa kabla ilikuwa inavuta ampia 6.4 wakati kibandiko kinasema 5, baada ya kuosha nje na ndani na kurekebisha hayo yote ikawa 4.8. Ile LUKU niliyokuwa nailalamikia kumbe sehemu ilikuwa hapo.

Gharama ni hizi, kuosha mashine zote mbili 40,000, panga la feni 35,000, raba za kompresa na za miguu 30,000, breketi mpya na bolti 45,000, kuchomelea pamoja na vakyumu na gesi 90,000. Jumla 240,000. Sio hela ndogo, na niliomba punguzo akakataa kwa heshima, akanionyesha bei za vifaa alivyonunua. Kwangu inalipa, maana mashine mpya ya BTU 12,000 ni ghali kuliko hiyo mara kadhaa.

Usiku wa kwanza niliweka glasi palepale kwenye stuli, maji yakatulia. Unasikia feni kwa mbali tu. Asubuhi nilishuka kumuuliza mama wa chini kalala vipi, akaniuliza jana hukuwasha?

Nyota moja nimeitoa na nasema wazi, hata yeye nimemwambia. Tulikubaliana saa nne asubuhi akaja saa nane mchana bila kupiga simu, nilishaahirisha safari ya kwenda Kariakoo kwa ajili yake. Panga la feni hakulipata siku hiyo, mashine ikalala wazi mpaka jumapili mchana, sawa naelewa vifaa vinatafutwa lakini angeniuliza modeli kwenye simu kabla ya kuja angeweza kuja nalo. Na risiti hakuwa nayo, wakati mwenye nyumba amekubali kunikatia hela ya breketi kwenye kodi ila anataka karatasi, nimeipata jumanne baada ya kumkumbusha mara tatu.

Namba yake siiweki hapa kwa kuwa sijamuomba ruhusa. Ila kwa kazi aliyofanya mashine ya sebuleni namkabidhi yeye mwezi ujao, nayo imeanza kulia upande wa ndani, na safari hii modeli nimeshampigia picha nikamtumia. Kama atakuja kwako na we uko juu, tafuta ngazi ndefu mapema, ya kwake ni fupi tulipoteza lisaa lizima kuazima kwa majirani.