Kibanda cha nyimbo cha soko kuu, Mtwara: nimerudishiwa Kanada yangu

Flashi yangu iliungua mwezi wa tatu ikiwa imechomekwa kwenye redio ya bajaji, nikiwa njiani kwenda Mikindani. Ilikuwa na nyimbo arobaini na kitu za bendi za Kanada. Nilipewa na abiria wangu mmoja, mtu wa Halifax, mji wa Kanada, aliyekuja huku enzi zile bomba la gesi la kwenda Dar linajengwa. Kila jioni nilikuwa nampeleka Shangani akaangalie maji. Alisema kwao nako ni bandari yenye kina cha asili kama yetu, ila baridi yake inaua. Alipoondoka aliniachia flashi, na mimi nimeendesha nayo miaka kumi.

Ilipokufa nikaenda duka moja mjini, nikaandika majina kwenye karatasi, nikalipa. Kufika kijiweni, faili limeandikwa Sloan, moja ya zile bendi zangu, ukilicheza ni mtu anahubiri. Nyingine zimekatwa katikati ya kiitikio. Niliporudi nikaambiwa ukishatoka dukani mzigo ni wako. Iliniuma sana, maana mtu anayekuuzia wimbo ambao hajausikiliza hajakuuzia kitu.

Ndipo dereva mwenzangu akanielekeza kibanda hiki, upande wa wauza vitenge. Ni meza moja, kompyuta moja ya zamani, na dada wa miaka ishirini na kidogo mwenye hedifoni iliyofungwa plasta ya hospitali. Kazi yake kubwa ni singeli na taarabu. Hakuwahi kusikia habari ya bendi za Kanada. Lakini alifungua kauntabuku akaniambia, "Njomba, niimbie."

Nikamwimbia pale pale, wauza vitenge wakisikiliza. Nikamweleza ni nyimbo za namna gani: gitaa linapiga kelele lakini sauti ni tamu, kiitikio unakishika mara ya kwanza, na dakika tatu tu wimbo umeisha. Wenyewe wanauita pawa-popu. Akaandika yote, hata pale nilipomwambia "hapa wanapiga makofi". Akaniomba siku mbili.

Nilipata nyimbo thelathini kwa shilingi 5,000, pamoja na albamu moja nzima ya Sloan ambayo tuliinunua kihalali. Alilipia kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu yake, nikamrudishia taslimu. Mafaili yana majina sahihi na hakuna uliokatika. Anasikiliza mwanzo, katikati na mwisho wa kila wimbo kabla hajakukabidhi. Nimemwona kwa macho yangu, kidole kikiwa kwenye kitufe, uso umekaza kama anayepima dhahabu.

Kosa moja alilifanya, na lilitokana na bidii. Albamu ile ni One Chord to Another ya mwaka 1996, na wimbo wa kwanza, "The Good in Everyone", unaanza na kelele za watu ukumbini kabla gitaa halijaingia. Yeye alidhani ni uchafu wa rekodi, akaukata. Nikarudi kumwambia kelele zile ni sehemu ya wimbo: unasikia umati, halafu gitaa linakurukia kifuani. Alirudisha palipokatwa bila kunitoza hata mia, kisha akausikiliza mara tatu mfululizo mteja mwingine akisubiri.

Niseme kidogo kuhusu Sloan, kwa sababu ndio niliowakosa kuliko wote. Walianza Halifax mwaka 1991, watu wanne, na mpaka leo ni walewale wanne. Kila mmoja anatunga na kila mmoja anaimba, kwa hiyo albamu moja ni kama kukaa barazani na ndugu wanne wanaopokezana hadithi. Albamu yao ya pili, Twice Removed ya 1994, ilitoka kwa kampuni kubwa ya Marekani na haikusukumwa inavyostahili. Bendi ikabaki kidogo ivunjike. Badala yake wakarudi na One Chord to Another, na Kanada waliitoa kwa lebo yao wenyewe. Ukijua hilo, ule uchangamfu unausikia tofauti. Ni watu waliokwisha kuagana kisha wakabadili nia.

Humo ndimo ulimo "Everything You've Done Wrong", wenye tarumbeta. Juzi bibi mmoja niliyempakia Magomeni aliusikia akauliza, "Harusi ya nani leo?" Kwetu tarumbeta ni harusi. Nikamwambia hii ya Kanada, bibi. Akaniambia niongeze sauti. Na "Money City Maniacs" wa mwaka 1998, wa kwenye albamu yao nyingine, Navy Blues, unaanza na king'ora. Mara mbili abiria wamegeuka nyuma wakitafuta gari la wagonjwa. Usiku siuchezi.

Kati ya zile ambazo dada alizipata kwa kuimbiwa tu, ya kwanza ni "Letter from an Occupant" ya mwaka 2000, bendi ya Vancouver ambayo jina lake silitaji mbele ya wazee. Anayeimba ni Neko Case, na sauti yake ina nguvu ya mtu anayeita jahazi kutoka ufukweni. Redio yangu ina spika ndogo mbili na zote zinatetema akipanda juu. Nyingine ni ya The Weakerthans wa Winnipeg, mwaka 2003, ambamo paka anamsihi mwenye nyumba wake aache kujifungia na huzuni, aalike watu nyumbani. Nilivyomtafsiria dada maneno yake alinyamaza, akaniuliza huyo paka anaitwa nani. Anaitwa Virtute. Akaliandika kwenye kauntabuku.

Halafu kuna ambayo sikumwagiza. Aliiongeza mwenyewe, kwamba "hii nayo naona ni ya ukoo huohuo, njomba". Ni "Archie, Marry Me" ya Alvvays, kundi la Toronto, ya mwaka 2014. Flashi ya zamani haikuwa nayo. Humo mwimbaji wa kike anamwimbia jamaa anayeogopa ndoa, mwenye mkopo wa chuo wa kulipa, naye anamwambia tuoane tu bila makuu. Nikipakia wanafunzi wa chuo nawawekea huo, na nikiwaeleza habari ya mkopo wanacheka kisha wanatulia. Hapo ndipo nilipojua huyu hafanyi kazi ya kunakili tu. Alisikiliza vyangu thelathini mpaka akajua cha thelathini na moja.

Msongamano upo. Jumamosi utasimama, hakuna benchi, na jua la saa nane linakupiga usoni. Risiti hatoi. Ijumaa mchana anafunga, njoo baada ya saa kumi. Peleka flashi mpya yenye nafasi, kwani hataki kuweka kitu kwenye flashi iliyochoka, na kwa yaliyonipata mimi ana haki.

Wiki iliyopita nilipita kumsalimia. Kwenye kompyuta yake mafolda yamepangwa kwa alfabeti: INJILI, KANADA, KASWIDA. Aliniambia kuna kijana mnunuzi wa korosho kutoka Newala ameshachukua folda la katikati, anataka kujua kama Sloan wana albamu nyingine. Nikavuta kiti cha muuza vitenge nikaanza kumwimbia zilizomo kwenye Navy Blues.