Kutazama nyota kwa darubini kule Paje: elfu 40 inalipa?

Nianze na bei maana kila niliyemsimulia kauliza hilo kwanza. Mgeni dola 40, mkaazi elfu 40 za kwetu, mtoto nusu, na humo ndani mna darubini, jamvi la kukalia, kahawa na kashata, usafiri hamna. Jina la kampuni silitaji, ni vijana tu wanajitafutia na kasoro zao nishawaambia wenyewe uso kwa uso, ila wako ufukweni mashariki ya Unguja, baina ya Paje na Jambiani, ukiulizia utaonyeshwa. Sie tulikwenda Jumamosi ya tarehe 17 Januari 2026, mie na mume wangu na watoto na wifi yangu, usiku ambao mwezi haupo kabisa, na hapo ndo pa kuwasifu kwanza, safari zao wanazipanga kwa kuangalia mwezi na ukiwapigia kutaka usiku wa mbaamwezi wanakwambia wazi usije utatupa pesa.

Darubini yao ni ile aina ya Dobson, bomba nene la inchi 8 limekaa kwenye kibao cha kuzunguka, haina mota haina skrini, kijana wao anayetoa maelezo ndo anaisukuma kwa mkono mpaka aipate nyota anayoitaka. Usiidharau, kioo cha inchi 8 kinakusanya mwanga mara mia kadhaa kuliko jicho lako. Tulianza na sayari ya Mshtarii (Jupita) ambaye Januari ile ndo ilikuwa wakati wake, tarehe 10 dunia ilikuwa katikati baina yake na jua kwahiyo alikuwa karibu, anawaka, na anakaa juu usiku kucha. Miezi yake minne imejipanga mstari mmoja, ileile aliyoiona Galileo Januari ya 1610, na kwenye sayari yenyewe unaona mikanda miwili ya rangi ya kahawia. Mwanangu mdogo alikataa kutoka kwenye darubini, foleni nzima inamsubiri yeye. Kijana akamwambia mmoja katika ile miezi unaitwa Europa, chini ya barafu yake inaaminika kuna bahari, na chombo cha Europa Clipper kilirushwa Oktoba 2024 kitafika kwa Mshtarii 2030. Mtoto akauliza maji yake matamu au ya chumvi, watu wakacheka lakini ni swali la maana, na kijana akajibu vizuri tu kwamba dalili zote zinaonyesha ni ya chumvi.

Zohali mjue mapema ili msije kununa. Pete zake Januari ile zilikuwa kama uzi, mstari mwembamba umepita katikati basi, kwa sababu Machi 2025 zilitugeukia ubavu, kitu kinachotokea kila baada ya miaka kama 15 hivi. Zitafunguka kidogo kidogo mpaka 2032 ndo zitakuwa wazi kabisa. Wifi yangu alikuja na picha ya kwenye simu akitegemea aone vilevile, akaniangalia mie kama nilomuuza. Zuhura na Mirihi hawakuwepo, wote wawili walikuwa upande wa jua mwezi ule.

Sasa upepo. Jamani Januari, pwani ya mashariki, kaskazi inapiga usoni moja kwa moja na wao wameweka darubini wazi kabisa mchangani! Bomba likitikisika hata chembe Mshtarii anacheza ngoma. Walishika turubali vijana wawili kuzuia na haikusaidia sana, wakati hatua chache nyuma kuna banda la makuti lingewakinga vizuri. Na hoteli ya jirani imewasha taa za buluu mpaka chini ya minazi, hilo si kosa lao lakini wangeweza kwenda kuwaomba. Wageni nao na simu zao, kila dakika flashi, ukishazoea giza mtu anakurudisha mwanzo. Taa nyekundu wanagawa bure, zitumieni basi.

Kwenye maelezo kijana yuko vizuri, kasoma, na hatishi watu. Walimuuliza ile 3I/ATLAS iliyovuma sana kwenye makundi ya WhatsApp, ati ni chombo cha viumbe wanakuja. Akasema ni nyota ya mkia iliyotoka nje ya mfumo wetu wa jua, imegunduliwa tarehe 1 Julai 2025 na darubini ya ATLAS iliyoko Chile, ni ya tatu kujulikana ya namna hiyo baada ya ile ya 2017 na ya 2019, na siku iliyotukaribia zaidi, 19 Disemba, ilikuwa mbali kilomita kama milioni 270. Wakuje na nini sasa. Na akakiri kwa darubini hii huioni, nikampenda kwa hilo maana mwengine angekuonyesha kinyota chochote akakwambia ndo hiyo.

Ila ratiba yake ya matukio yanayokuja aliitoa kama anasomea watu wa Ulaya, na hapa ndo nilipokereka. Alisifia sana jua litakavyopatwa tarehe 12 Agosti 2026, Greenland, Iceland, Hispania, hakusema kwamba kwetu saa hizo ni usiku hatuoni kitu. La kwetu ni la Ijumaa tarehe 28 Agosti, mwezi utapatwa karibu wote, kwetu utaanza kuliwa kama saa 11 na nusu alfajiri, yani watu wametoka kuswali, na utazama huku unaliwa. Sasa unazama magharibi, kwahiyo pale kwao Paje patakuwa hapafai, minazi na nyumba zote ziko upande huo, bora ukae Forodhani au Nungwi. Nilimwambia akaandika, sijui kama atabadilisha. Haitakuwa kama ile ya Septemba 7, 2025 ambayo mwezi ulikuwa mwekundu mzima kuanzia saa 2 na nusu usiku mpaka karibu saa 4, misikiti mingi watu waliswali, lakini si haba. Kabla ya Agosti hiyo, mwezi wa sita 2026, tarehe 8 na 9, Zuhura na Mshtarii watasogeleana sana upande wa magharibi jua likishazama, hiyo haitaki darubini wala haitaki elfu 40.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Misri, pale Luxor zaidi ya dakika 6 kiza mchana, na Makka na Jidda zimo kwenye njia. Sie tutaona limemegwa kipande tu, na bila miwani maalum ya jua usitazame. Na 2029, usiku wa kuamkia tarehe 14 Aprili, jiwe la Apophis lenye upana wa mita mia tatu na kitu litapita kilomita kama 32,000 juu yetu, chini kuliko setilaiti za tivii, kwetu itakuwa saa 7 kasorobo usiku na Afrika tumo katika watakaoliona kwa macho. Haligongi, NASA, shirika la anga la Marekani, walishapiga hesabu wakasema hata miaka mia ijayo hatari hakuna. Hili la Apophis kijana alilipitia kwa sentensi moja! Kitu ambacho sisi ndo tumepewa viti vya mbele.

Halafu Tunguu. Sote tuliotoka mjini tulipita Tunguu kwenda kule, hiyo daladala 309 inapita hapohapo, na pale ndo Wamarekani walikuwa na kituo chao cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wao wa kwanza wa kurusha watu angani. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Mmarekani wa kwanza kufanya hivo, akipita juu ya huku alikuwa anazungumza na Zanzibar kwa redio. Kituo kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Kijana alitusimulia kituo cha NASA cha Houston, akatusimulia safari ya Artemis II na wale wanaanga wanne wa kuuzunguka mwezi bila kutua, wa kwanza kwenda huko tangu Apollo 17 ya 1972, vizuri sana, Tunguu hana habari nayo.

Aliyeniliwaza ni mzee wa kahawa. Wamemweka pembeni na dele lake na vikombe, kazi yake kumimina tu, mvuvi wa zamani wa Makunduchi. Nikamuamkia nikamuuliza yeye anaijua ipi hapo juu, akanionyesha kwa mdomo wa dele, Kilimia kile pale, na kweli kilikuwa juu kabisa upande wa kaskazini, kishada cha nyota ndogo ndogo. Akanambia mwanangu hicho mwezi wa tano kinazama na jua hukioni, ukikiona tena ni alfajiri mashariki, na wazee walikuwa wanakitazama kujua mvua inakwendaje, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Akaendelea na hesabu ya miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua, maana mwaka wa mwezi unapungua siku kama 11 kila mwaka, huwezi kulimia wala kusafiria, ndo mana Mwaka Kogwa, sherehe ya hiyo Nairuzi, kwao Makunduchi uko Julai kila mwaka hauzunguki kama Idd. Wageni wawili watatu walisogea wakawa wanataka watafsiriwe, kijana akaja kutafsiri, na kusema kweli robo saa ile ndo niliyoilipia elfu 40. Mzee halipwi kwa maneno, analipwa kwa kahawa. Wamuongezee, wampe kiti na dakika zake, wageni watatoa hata dola 60.

Nawapa nyota nne kati ya tano, ya tano wameipeperusha na kaskazi. Kurudi hamna daladala saa hizo, tulikodi gari kwenda na kurudi na ilitugharimu kuliko nyota zenyewe, kwahiyo jikusanyeni mjaze gari. Chukueni koti au kanga nzito. Machi mpaka Mei msisumbuke, masika hayo mtatazama mawingu, subirini Juni au Julai, Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota, inakuwa katikati ya utosi na upepo umehamia kusini. Wenye watoto wadogo waambieni mapema wawawekee kigoda, jicho la darubini ya aina ile linakuwa juu na mie mgongo mpaka leo unaniuma kwa kumbeba yule wangu.