Makaa ya Kiwira au jotoardhi ya Ngozi?

Jamani watu wa Mbeya, kwenye umeme mi nasimama na jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, la kule mlima wa volkano wa Ngozi. Makaa ya mawe ya Kiwira yapo, unachimba unachoma, maji yanachemka, mvuke unazungusha tabaini (mapanga yanayoendesha jenereta ya umeme), ila moshi na majivu tunabaki navyo sisi na makaa yakishaungua ndo basi. Jotoardhi ni mvuke huohuo lakini moto uko chini ya ardhi, hauchomi kitu, masika kiangazi umeme upo, nendeni pale Songwe muone maji ya moto yanavyofuka yenyewe na chokaa imejijenga pembeni. Gharama ya kuchoronga ndo inatisha kweli, kisima kinaweza kupita kilomita 1 na mvuke usitoshe. Wenzetu Kenya, mitambo ya jotoardhi ya Olkaria inazalisha umeme tangu 1981! Makaa yaende viwanda vya saruji.